Diwani Aliyerudisha Kadi

Alikuwa na namna yake ya kubisha hodi. Aligonga mara mbili tu kwa kifundo cha kidole, kisha akarudi nyuma hatua tatu, ili aliye ndani akichungulia dirishani amwone mzima: kilemba, ndevu nyeupe, koti la mvua, na viatu vilivyopigwa rangi hata siku ambayo barabara nzima ilikuwa tope. "Mtu nataka kujua nani iko mlangoni kabla ya kufungua," aliniambia. "Hiyo ni haki ya kwanza, Sista." Mlango wangu hapa Birmingham umegongwa na wauza umeme, wahubiri, na mabwana wa kudai kodi ya jirani aliyehama zamani. Sikumbuki mwingine aliyeuheshimu namna ile.

Alikozaliwa na akina babu yake walikuwa nani, sitaanza na hayo, maana sisi wa mtaa huu wa Lozells hatukumjua kwa hayo. Tulimjua kama Diwani. Alikuwa Singasinga wa Nakuru aliyefika Uingereza kabla mimi sijazaliwa, akaendesha mabasi ya jiji hili mpaka magoti yakakataa, kisha kata yetu ikamchagua aiwakilishe kwenye halmashauri. Kata ilikuwa na madiwani watatu, lakini ukisema "Diwani" bila kuongeza neno, hakuna aliyeuliza yupi. Hata alipokuwa si diwani tena tuliendelea kumwita hivyo, naye hakutusahihisha. Nadhani alipenda, ingawa ungemuuliza angekana.

Nilikutana naye dukani, kwenye foleni ya mihogo na ndizi mbichi. Nilikuwa nikimgombeza binti yangu kwa Kiswahili, naye ananijibu kwa Kiingereza kama kawaida ya watoto wa huku, mara nikasikia sauti nyuma yangu: "Wachana na mtoto, mama. Iko na baridi huyo, haina makosa." Niligeuka nikimtafuta Mkenya mwenzangu, nikaona kilemba cha buluu. Nilicheka mpaka nikaweka kikapu chini. Nilikuwa na mwaka mmoja tu nchini, muuguzi mgeni, na tangu nishuke kwenye ndege hakuna mtu mzima aliyekuwa amenitetea wala kunikosoa kwa lugha yangu.

Kiswahili chake kilikuwa cha karakana. Kila kitu kwake kilikuwa "iko": mtu iko, shida iko, mvua iko, na Mungu pia iko. Mimi niliyefundishwa na walimu wakali nilijaribu kumnyoosha. Alinisikiliza kwa adabu zote kisha akaendelea vilevile. "Hawa walinifundisha walikuwa mafundi wa mbao," alisema. "Walikuwa nafanya kazi, hawakuwa nafundisha. Mimi nilichukua ile ilianguka chini." Baada ya hapo niliacha kumnyoosha. Yeye naye aliniita Sista tangu siku aliyojua kazi yangu, kama wagonjwa wa kwetu wanavyowaita wauguzi, na hakuwahi kuuliza jina langu la pili.

Jumamosi, kuanzia saa nne mpaka saa sita, alikaa nyuma ya meza kwenye ukumbi wa mtaa, na yeyote mwenye shida alikuja. Ukuta unaota ukungu, mtoto amekosa shule, jirani anapiga ngoma. Wengi walileta barua ambazo hawakuwa wamezifungua. Watu wazima waliovuka mipaka kwa miguu walikuwa wakiogopa bahasha ya kahawia kama mtoto anavyoogopa sindano. Diwani aliishika ile bahasha, akaigeuza mbele na nyuma, akamrudishia mwenyewe. "Barua hii haina meno," alisema. "Fungua wewe. Mimi iko hapa." Hakufungua barua ya mtu kwa mkono wake hata mara moja. Ungeomba vipi, angekungoja ufungue mwenyewe, na foleni nyuma yako ingoje pia.

Sasa msije mkadhani nawachorea malaika. Mtu aliyeendesha basi maisha yake yote ungemtegemea ajue saa, lakini Diwani alichelewa kila mahali, na aliyechelewa kuliko yeye alisomewa mahubiri. Alihimiza majirani wapatane, huku yeye na jirani yake wa ukuta mmoja walikuwa hawajasalimiana miaka kadhaa kwa sababu ya kichaka cha waridi. Alisema demokrasia ndiyo hewa ya binadamu, lakini nyumbani kwake mke wake ndiye aliyeamua kila kitu, kuanzia chakula mpaka rangi ya mapazia, na alipojaribu kupiga kura ya peke yake alinyamazishwa kwa jicho moja. Na sukari! Alikuwa na ugonjwa wa sukari uliompa madaktari kazi. Siku moja ukumbini nilimkamata na vipande vinne vya barfi, ile halua ya maziwa ya Wahindi, mfukoni, vimefungwa kwenye kitambaa.

"Hii ni ya mgonjwa," alisema haraka.

"Mgonjwa gani?"

Alifikiri. "Mimi."

Alinipa viwili kama hongo, nami nikavila, kwa hiyo siwezi kujisifu.

Lakini jambo ambalo hakulifanyia mzaha lilikuwa chama chake. Vyama vya huku watu huvijua kwa rangi, na yeye alikuwa mwekundu. Alijiunga siku za chama cha wafanyakazi wa mabasi, wakati madereva wenye vilemba walipokuwa wakipigania haki ya kuvivaa kazini, na wekundu wachache walisimama nao mvuani. Hilo hakulisahau. Siku ya uchaguzi alivaa kilemba chekundu, kimoja hichohicho kila mara, akasimama nje ya kituo cha kura tangu asubuhi. Kuna mtu alimuuliza mbele yangu yuko chama gani. "Mimi sina chama," akajibu. "Chama iko na mimi." Mimi mwenyewe nilikuwa mwekundu kwa sababu yake. Nilimbebea vipeperushi, nikajifunza kutosukuma vidole ndani kabisa ya tundu la barua, maana kuna mbwa wasiobweka.

Kisha vikaja vita vya Iraki. Chama chake ndicho kilichokuwa kikitawala nchi, na ndicho kilichopeleka jeshi. Diwani aliandika barua kwa wakubwa wa chama, akaandamana kwenye baridi na magoti yake yale, akaandika tena. Mabomu yalipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, mke wake aliniambia kwamba alikaa mbele ya ile picha na sahani ya chakula mapajani mpaka chakula kikaganda. Jumamosi iliyofuata hakukaa mezani. Alikuja nyumbani kwangu, akagonga mara mbili, akarudi nyuma, na nilipofungua akanionyesha kitu alichokifunga kwenye leso.

"Sista, leo mimi narudisha kadi. Kuja na mimi. Kadi hairudishwi bila shahidi."

Aliyelelewa Afrika Mashariki hahitaji maelezo. Kwetu mwanasiasa akihama chama, anapanda jukwaani, anaishika kadi ya zamani juu watu wote waione, anaikabidhi, anapewa mpya, na akina mama wanapiga vigelegele. Mimi desturi hiyo naijua kwa uchungu. Baba yangu alimpigia kampeni mbunge wetu kwa miguu, kijiji kwa kijiji, akakonda. Mwaka haukuisha, mbunge akarudisha kadi mbele ya kamera na kuhamia upande wa wenye nguvu, na baba akakaa siku tatu bila kutoka nje kwa aibu ya wale aliowashawishi. Tangu hapo sina neno jema kwa anayehama chama. Nilivaa koti nikaenda naye, lakini nilienda nimenuna.

Ofisi ya chama ilikuwa mjini, juu ya duka la miwani. Tulimkuta binti mmoja tu, mpole, mwenye mafua. Diwani alifungua leso, akaishika ile kadi ya plastiki kwa mikono miwili, akatoa hotuba fupi ya Kiingereza kuhusu miaka yake ndani ya chama, mvua ya wakati wa vilemba, na vita. Binti alisikiliza vizuri sana. Alipomaliza, alimweleza kwa upole kwamba hakuhitaji kujisumbua kuja, angetuma barua pepe, au angeacha tu uanachama uishe wenyewe mwisho wa mwaka.

"Niliipokea kwa mkono, nairudisha kwa mkono," Diwani alisema.

Binti aliipokea kwa mkono. Akaitazama, akatazama meza, hakujua aiweke wapi, mwisho akaiweka kwenye kikombe cha kalamu. Halafu akamuuliza kama angependa chai. Hakuna jukwaa, hakuna kamera, hakuna vigelegele. Kwenye kituo cha basi Diwani alilia bila kuficha, na mimi niliyekuwa nimenuna nilimshika mkono, ila hasira yangu haikuisha. Kile kilemba chekundu mke wake alikikata akashonea mito miwili ya kochi, na ni mito mizuri, nimeikalia.

Alijiunga na chama cha manjano, kilichopinga vita tangu mwanzo. Hapo ndipo nilipomwambia. Tulikuwa ukumbini tukipanga viti.

"Ungeachia kiti," nilisema. "Watu walimpigia kura mwekundu. Wewe sasa ni wa manjano na kiti umekikalia. Kwetu mtu wa hivyo tunamwita kigeugeu."

Aliweka kiti chini. Sijui kama kuna mtu aliwahi kumwita hivyo usoni. Kisha akasema jambo ambalo nimelikumbuka kila mara ninapopanda basi: "Basi ikibadilisha njia, dereva lazima aambie abiria. Mwenye haendi huko, ateremke. Lakini mimi sijauliza abiria. Iko haki wewe kukasirika."

Basi, akaamua kuwauliza. Si kwa barua, si kwa mkutano. Mlango kwa mlango, kata nzima, kila nyumba aliyokuwa amebisha akiwa mwekundu. Angewaambia amehama na kwa nini, kisha awaulize: nibaki au niondoke? Wengi wakisema ondoka, angejiuzulu. Wenzake wapya wa manjano walimwona kama amechanganyikiwa. Walikuwa wamepata diwani wa bure, naye anakwenda kumgawa barabarani. Alinunua daftari gumu, akagawa kurasa kwa mistari: namba ya nyumba, jina, Baki, Ondoka. Jina la kwanza kwenye ukurasa wa kwanza lilikuwa langu, na aliandika Ondoka kwa mwandiko safi kabisa.

Nilifuatana naye jioni nilizokuwa sina zamu. Kulikuwa na Wakongo wengi mitaani kwetu kufikia wakati huo, watu wa Bukavu na Uvira waliokuja kwa ukimbizi, na wengi wao hawakuwa hata na haki ya kupiga kura. Sisi wa Kenya tuliipata mara tu tulipohamia, kwa ajili ya ukoloni wa zamani, ila wao walipaswa kungoja uraia. Watu wa chama walimwambia asipoteze muda na nyumba zisizo na kura. "Abiria haina tiketi pia naumia basi ikianguka," alijibu, akabisha.

Mama Neema alikuwa mmoja wao. Alikuwa mama wa watoto watatu, mfagiaji wa maofisi mjini, mwimbaji mkubwa wa kwaya iliyofanya mazoezi ukumbini baada ya Diwani kufunga meza yake. Alitukaribisha kwa mikono miwili, akamketisha Diwani kwenye kiti kizuri, akatoa chai na maandazi. Diwani alieleza yote: kadi, vita, chama kipya. Kisha akafungua daftari magotini na kuuliza swali lake.

"Bakia, Muheshimiwa!" Mama Neema alisema, akapiga makofi. "Shiye tunakupenda sana. Bakia tu, bakia milele."

Diwani aliandika jina lake na kutia alama. Nyumba ya pili wakasema baki. Ya tatu, baki. Mtaa mzima ule ulikuwa baki, pamoja na chai, na nyumba moja walimwombea dua ya kumwekea mikono. Alirudi uso unang'aa. Kwa wazee wa Kiingereza na vijana wa Kijamaika alikuwa amepata Ondoka za kutosha, nyingine na matusi, lakini hizi Baki zilikuwa zikizifunika. Wiki ya sita alihesabu, na Baki zilishinda kwa mbali.

"Umeona, Sista?" aliniambia. "Watu nataka mimi nikae."

Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa napika na Mama Neema. Jumapili hiyo tulikuwa jikoni kwake tukitwanga sombe, yaani kisamvu, nami nikamtania, nikasema siku hizi amekuwa kampeni meneja wa manjano. Hakucheka. Aliufunga mlango wa jikoni.

"Sista, ningesema nini?" alisema kwa sauti ya chini. "Mutu wa serikali anakuya ku mulango yangu. Ana daftari. Ananiuliza, unataka nibakie ao nitoke? Alafu anaandika jina yangu. Papier yangu ya kukaa huku bado haijatoka. Kule kwetu, kama banaandika jina yako namna ile, unajua."

"Diwani? Unamwogopa Diwani?"

"Yeye ni mutu muzuri. Lakini ile daftari, mutu mwingine ataisoma."

Nilisimama na mchi mkononi. Sisi tuliokulia upande wetu tunajua pia kwamba mgeni akishakunywa chai yako, humwambii hapana usoni. Hilo ni adabu. Lakini hili halikuwa adabu peke yake. Katika jioni zote zile, mtu aliyetupa chama chake kwa sababu ya vita alikuwa amezunguka kwenye nyumba za watu waliokimbia vita, na kalamu mkononi, akiwaandikisha upande waliko. Na mimi nilikuwa nimesimama kando yake nikitabasamu. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Nilimwambia Jumamosi, kabla hajafungua meza. Nilijaribu kuzungusha maneno, nikashindwa, nikasema tu: Diwani, tumekuvika kilemba cha ukoka. Zile Baki ni za woga na za chai. Nikamweleza kuhusu daftari, bila kutaja ni nani aliyeniambia.

Nimewahi kuwapa watu habari mbaya hospitalini, na najua sura zinazokuja. Yake haikuwa ya hasira. Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina polepole kama mtu anayetafuta aliyekufa.

"Mimi nilikuwa nafikiri wananipenda," alisema.

"Wanakupenda."

"Hapana. Wananiogopa na chai." Akalifunga. "Mimi ndiyo nilileta hii. Mimi na kalamu yangu."

Watu walikuwa wameanza kupanga foleni mlangoni. Aliwaomba radhi, akawaambia meza imefungwa leo, jambo lililokuwa limetokea mara moja tu, siku ya kadi. Kisha akaanza upya milango yote ya Wakongo. Safari hii hakuingia ndani. Alichana jina la mwenye nyumba kwenye daftari mbele ya macho yake, akampa kile kipande mkononi, akasema: "Hii ni yako, mama. Mimi sina ingine. Samahani, nilikosea kuandika." Mama Neema alikipokea akakisoma mara mbili. Alikiweka kwenye sinki akakichoma kwa kiberiti, akafungulia maji, na ndipo alipotoka tena mlangoni kumshukuru, na mara hii hakusema bakia wala milele.

Daftari lilipokwisha, alijiuzulu. Watu wa manjano walimsihi, mke wake akamtazama kwa lile jicho, lakini jicho siku hiyo halikufua dafu. "Kuuliza mlangoni si kuuliza," alisema. "Iko sanduku kwa sababu hiyo. Sanduku hainywi chai." Uchaguzi mdogo ukaitishwa, naye akasimama kugombea kiti alichokiacha mwenyewe.

Mimi nilimpigia kura. Niliingia kile kibanda cha kura nikiwa bado naamini mtu hapaswi kuhama chama, na nikaweka alama kwenye jina lake, kwa sababu sijaona mwingine akishuka kwenye kiti kwa hiari ili aulize upya. Baba yangu angemwelewa, nilijiambia, na machozi yakanitoka pale ndani, mpaka msimamizi akauliza kama niko salama.

Alishindwa. Alishindwa kwa kura chache kiasi kwamba wenye kura hizo wote wangeenea ghorofa ya juu ya basi moja, alivyopenda kusema baadaye, na wengine wangepata kiti dirishani. Niliogopa kwamba atavunjika. Jumamosi iliyofuata alikuwa mezani saa nne na nusu, amechelewa kama kawaida. Diwani mpya alikuwa na meza yake upande wa pili wa ukumbi, na Diwani wetu aliwaelekeza watu kule wenye mambo ya halmashauri, akabaki na wale wa barua. Ilikuwa foleni ndefu zaidi. Sikumwambia kamwe kura yangu ilikwenda wapi, naye hakuniuliza.

Miaka ikasogea. Magoti yakazidi, binti yake akamhamishia Great Barr, ukingoni mwa jiji, karibu naye, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Tuliongea kwa simu, hasa kuhusu sukari, na alinidanganya kila wiki. Halafu, mwishoni mwa muongo ule, akaniambia kwamba wale wa manjano wamemwomba asimame tena kwetu, na amekubali. "Mara ya mwisho," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye ameahidi hivyo nyumbani.

Nilimngoja kituoni Lozells. Alishuka na fimbo, kilemba cha kijivu, viatu vinang'aa. Alikuwa amepungua, na ilinibidi nitembee polepole. Tulibisha nyumba kumi hivi, nyingine watu wapya kabisa, Wasomali, Wapolandi, waliompokea wasijue ni nani. Ya kumi na moja ilikuwa ya Mama Neema. Uraia wake ulikuwa umetoka mwaka uliotangulia. Nilikuwepo kwenye sherehe yake, aliimba wimbo wa taifa la huku kwa sauti ya kwaya mpaka wengine wakanyamaza wamsikilize. Kadi yake ya kwanza ya kupigia kura ilikuwa imekuja kwa posta wiki ile.

Alitukaribisha vilevile kwa mikono miwili. Chai ikaja. Neema mwenyewe, ambaye sasa alikuwa msichana mrefu wa chuo, alisalimia kwa Kiingereza akapanda juu. Diwani aliketi, akaweka fimbo kando, na nikaona kwamba mikono yake haikuwa na kitu. Aliuliza habari za kwaya na za kazi. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kilekile:

"Mama, mimi iko nagombea tena. Naomba kura yako."

Mama Neema aliweka kikombe chake chini. Aliunyoosha mgongo.

"Apana, Muheshimiwa," alisema.

Nilitazama zulia. Diwani hakusogea.

"Hapana?"

"Apana. Ile dada wa bekundu mwenye munashindana naye, alinisaidia sana na masomo ya mutoto yangu. Nitamupatia yeye. Wewe nakupenda, lakini kura, apana." Alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi. "Nilitaka nikuambie mu macho. Sikutaka nikudanganye tena."

Diwani alivua miwani. Nilidhani ameumia, nikaanza kutafuta neno la kufunika, lakini aliniinulia kiganja.

"Na hauogopi?" alimuuliza taratibu.

"Kule kwetu," Mama Neema alisema, "mutu akisema apana kwa mukubwa, ile siku analala na viatu. Mume wangu alilala na viatu mwezi muzima. Watoto pia. Ukisikia gari, unakimbia." Alitazama miguu yake, iliyokuwa ndani ya ndala za plastiki, kisha akamtazama yeye. "Leo nimesema apana, na usiku nitavua."

Juu, Neema alikuwa akicheka na mtu kwenye simu. Diwani alijiinua kwa fimbo, akakunja mikono miwili kifuani, na kumwinamia Mama Neema mpaka kilemba kikashuka usawa wa meza.

"Basi, mama," alisema. "Lala vizuri." Ilikuwa saa tisa mchana.